Jinsi kingamwili zing'aazo zinavyofichua breki za kinga katika seli za panya

KWA jicho tupu, tone la seli zilizotolewa katika bandama ya panya halina tofauti na maji yaliyotibuka kidogo. Hata likiwekwa chini ya hadubini, seli hizo huonekana kama chembe za mviringo zinazofanana, na hakuna awezaye kutambua ipi iko tayari kuushambulia uvimbe wa saratani na ipi imefungwa breki.

Ili kuzitofautisha, watafiti hutumia kingamwili zilizobandikwa rangi inayong'aa inapomulikwa kwa leza. Kila kingamwili huundwa ili ishike protini moja tu. Ikiipata, hung'ang'ania juu yake, na seli yenye protini hiyo hutoa mwanga wa rangi maalumu ambao mashine huusoma na kuuhesabu.

Mbinu hiyo ni miongoni mwa nguzo za utafiti uliozaa dawa za kisasa zinazouwezesha mwili wenyewe kupigana na saratani. Kabla ya dawa kumfikia mgonjwa, mtu fulani katika maabara fulani hulazimika kuuliza swali dogo: je, protini inayokusudiwa ipo kweli kwenye seli za panya huyu, na kwa kiasi gani?

Hata hivyo, mwanga pekee si ushahidi tosha. Unachoonyesha ni mahali kingamwili iliponasa, na si lazima iwe imenasa palipokusudiwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii si kutafuta rangi, bali ni kuihoji.

Breki za mwili

Mfumo wa kinga wa binadamu na wa panya hutegemea, pamoja na askari wengine, seli nyeupe za damu ziitwazo seli T. Seli hizo hukomaa katika tezi ya thaimasi iliyoko kifuani, kisha husambaa mwilini zikisaka seli zilizovamiwa na virusi au zilizogeuka kuwa saratani.

Askari asiye na wa kumzuia ni hatari kwa wale anaowalinda. Kwa sababu hiyo, seli T huwa na protini ambazo kazi yake ni kuzipunguza kasi pindi vita vinapoelekea kupita kiasi. Protini hizo ndizo wanasayansi wanaoziita vituo vya ukaguzi wa kinga, na mfano ambao umezoeleka zaidi ni ule wa breki za gari.

Zinazojulikana sana ni CTLA-4 na PD-1. Nyingine ni LAG-3, TIM-3 na TIGIT. PD-1 hukaa juu ya seli T na hufanya kazi inapokutana na protini mwenzake, PD-L1, iliyo juu ya seli nyingine. Zikigusana, seli T hupokea amri ya kutulia.

Hila ya saratani iko hapo. Aina nyingi za uvimbe hujivika PD-L1 kwa wingi, na seli T inayokaribia kuushambulia uvimbe huo hujikuta ikipewa amri ya kusitisha vita. CTLA-4 nayo hufanya kazi mapema zaidi, wakati seli T inapopewa mafunzo ya kumtambua adui. Hunyang'anya kiamsho ambacho kingechukuliwa na protini nyingine iitwayo CD28, ambayo ndiyo kichapuzi cha seli T.

Panya alivyofungua njia

Sehemu kubwa ya maarifa hayo ilitoka kwa panya. Jeni ya CTLA-4 ilitangazwa mwaka 1987 na watafiti wa Ufaransa waliokuwa wakichunguza seli T za panya. Mwaka 1992, Yasumasa Ishida, Tasuku Honjo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani walitangaza kuipata PD-1 walipokuwa wakitafuta jeni zinazohusika na kufa kwa seli.

Umuhimu wa protini hizo ulidhihirika zilipoondolewa. Mwaka 1995 ilibainika kuwa panya waliozaliwa bila CTLA-4 hufa wakiwa na umri wa wiki tatu hadi nne, viungo vyao vikiwa vimevamiwa na seli T zao wenyewe. Mwaka 1999, kundi la Honjo liliripoti kuwa panya wasio na PD-1 hupata maradhi ya kinga kujishambulia polepole kadiri wanavyozeeka.

Mwaka 1996, James Allison na wenzake katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley walichapisha matokeo yaliyogeuza mkondo wa tiba ya saratani. Waliwapa panya wenye uvimbe kingamwili inayoiziba CTLA-4. Breki ilipoachiliwa, uvimbe ulikataliwa na miili ya panya hao, na hata walipopandikizwa seli za saratani kwa mara ya pili, kinga yao iliwakumbuka maadui hao.

Matunda yalikuja baadaye. Dawa ya ipilimumab, inayoiziba CTLA-4 ya binadamu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kutibu saratani ya ngozi aina ya melanoma. Mwaka 2014 zilifuata pembrolizumab na nivolumab, ambazo huiziba PD-1. Allison na Honjo walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2018.

Ulimwengu uliona nguvu ya dawa hizo mwaka 2015, rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alipotangaza kuwa melanoma ilikuwa imefika kwenye ubongo wake. Alifanyiwa upasuaji, akatibiwa kwa miale na kupewa pembrolizumab. Desemba mwaka huo alieleza kuwa uchunguzi haukuonyesha tena dalili za saratani. Alifariki Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100.

Rangi ilikotoka

Wazo la kuibandika kingamwili rangi ing'aayo ni la zamani kuliko ugunduzi wa breki hizo. Lilimjia daktari kijana wa Marekani, Albert Coons, mwaka 1939 alipokuwa mjini Berlin akitafakari chanzo cha homa ya baridi yabisi. Alijiuliza kama kingamwili ingeweza kutiwa alama inayoonekana, ili ionyeshe kiini cha ugonjwa kilikojificha ndani ya nyama ya mwili.

Mwaka 1941, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzake, Coons alitangaza kuwa inawezekana. Rangi ya kwanza iliyotumiwa ilitoa mwanga wa buluu, lakini nyama ya mwili nayo hutoa mwanga wa buluu wenyewe, na ilikuwa vigumu kutenganisha mmoja na mwingine. Kundi hilo lilihamia kwenye fluoresini, ambayo hung'aa kwa rangi ya kijani. Jamii ya rangi hiyo ingali inatumika hadi leo, kwa kifupi FITC.

Tatizo lililobaki lilikuwa ni kingamwili zenyewe. Damu ya mnyama aliyechanjwa huwa na mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja ikishika mahali pake, na mchanganyiko huo hubadilika kutoka mnyama mmoja hadi mwingine.

Suluhisho lilipatikana Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli inayozalisha kingamwili na seli ya saratani ambayo haiishi kugawanyika. Zao hilo, liitwalo haibridoma, hutoa kingamwili ya aina moja tu, kizazi baada ya kizazi. Familia ya seli zitokanazo na mzazi mmoja huitwa kloni. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne.

Mbona hamsta na panya mkubwa?

Ili kupata kingamwili inayoshika PD-1 ya panya mdogo wa maabara, kwa kawaida mtafiti hamchanji panya mdogo mwenzake. Kinga ya mnyama hufunzwa tangu mapema isizishambulie protini za mwili wake, na panya huyo huiona PD-1 kuwa mali yake, si adui.

Kwa sababu hiyo, kingamwili nyingi za kazi hii hutoka kwa panya wakubwa wa maabara, au kwa hamsta, mnyama mdogo mwenye mkia mfupi wa jamii ya wagugunaji. Kingamwili iliyotumiwa na kundi la Allison katika jaribio la 1996 ilitokana na hamsta.

Kila kloni hupewa jina lake. Watafiti wa PD-1 ya panya huzijua vyema kloni za RMP1-14, RMP1-30, 29F.1A12 na J43. Kwa PD-L1, mashuhuri ni 10F.9G2 na MIH5. Kwa CTLA-4 kuna 9H10, ilhali RMT3-23 hutumiwa kwa TIM-3 na C9B7W kwa LAG-3. Majina hayo ni makavu, lakini ripoti ya utafiti isiyoyataja humwacha msomaji gizani, maana kloni mbili za protini ileile huweza kushika sehemu mbili tofauti na kutoa majibu tofauti.

Ikumbukwe pia kuwa dawa za binadamu haziwezi kutumiwa kiholela kwa panya. Protini ya PD-1 ya panya inafanana na ya binadamu kwa takriban asilimia 60 tu. Pembrolizumab na nivolumab hazishiki PD-1 ya panya. Kwa hivyo, anayechunguza panya huhitaji zana za panya.

Kazi inavyofanywa

Kazi huanza kwa kiungo chenye seli nyingi za kinga, aghalabu bandama, mitoki au uvimbe wenyewe. Bandama husagwa polepole juu ya wavu mwembamba ili seli zitengane. Seli nyekundu za damu huondolewa kwa maji ya kemikali yanayozipasua, kisha zilizobaki huoshwa na kuhesabiwa. Bandama moja ya panya huweza kutoa seli karibu milioni 100. Kwa kipimo kimoja hutosha seli milioni moja hivi.

Kabla ya rangi kuingizwa, kuna hatua ambayo mwanafunzi asiye makini huiruka. Baadhi ya seli za kinga zina vipokezi vinavyokamata mkia wa kingamwili yoyote ipitayo, bila kujali mikono yake imeundwa kushika nini. Vipokezi hivyo huzibwa kwanza kwa kingamwili nyingine isiyo na rangi. Kloni iliyozoeleka kwa panya ni 2.4G2.

Baada ya hapo, kingamwili zenye rangi huongezwa kwa kipimo kilichojaribiwa awali. Mirija huwekwa kwenye barafu, gizani, kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Baridi huizuia seli isizimeze kingamwili zilizoigusa. Giza nalo huzilinda rangi, kwa kuwa mwanga mwingi huzififisha.

Seli huoshwa tena ili kingamwili zilizokosa mahali pa kushika ziondoke. Rangi nyingine maalumu huongezwa ili kuzifichua seli zilizokufa. Hatimaye mirija hupelekwa kwenye mashine.

CTLA-4 huhitaji uangalifu wa ziada. Tofauti na PD-1, sehemu kubwa ya protini hiyo huwa imehifadhiwa ndani ya seli, na ile inayofika juu hurudishwa ndani haraka. Mtafiti anayepaka rangi juu ya seli pekee anaweza kudai kuwa CTLA-4 haipo, kumbe imejaa tele ndani. Ili kuifikia, seli hugandishwa kwa kemikali kisha kutobolewa vijitundu vidogo vinavyoiruhusu kingamwili kupenya.

Mashine isomayo mwanga

Zamani, mtafiti alikaa mbele ya hadubini katika chumba cha giza akihesabu seli moja baada ya nyingine. Katika miaka ya 1960 zilianza kuundwa mashine zinazopitisha seli kwenye mfereji mwembamba wa maji, moja moja, mbele ya mwanga. Leonard Herzenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa mstari wa mbele kuunda mashine inayotenganisha seli kwa kufuata rangi zake.

Mashine ya kisasa, iitwayo saitometa, husoma maelfu ya seli kwa sekunde moja. Kila seli inapopita mbele ya leza, mashine hupima ukubwa wake, ugumu wa umbo lake la ndani, na mwanga wa kila rangi iliyobandikwa juu yake.

Leza ya buluu yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 488 huiamsha FITC, ambayo hutoa mwanga wa kijani wa takriban nanomita 520. Leza hiyohiyo huweza pia kuiamsha faikoerithrini, kwa kifupi PE, rangi itokanayo na mwani mwekundu wa baharini, ambayo hung'aa kwa rangi ya chungwa karibu na nanomita 578. PE ina nuru kali sana, na kwa sababu hiyo mara nyingi hutengewa protini ambazo seli huwa nazo kwa uchache.

Uteuzi huo si jambo dogo. PD-1 kwenye seli iliyotulia huwa kidogo au haipo kabisa. Akiipa rangi hafifu, mtafiti anaweza kukosa kuiona, lakini akiipa rangi kali hudhihirika. Protini zilizo tele, kama vile CD4 au CD8 zinazotambulisha aina za seli T, ndizo zinazostahili rangi hafifu.

Mashine za kwanza zilisoma rangi moja au mbili. Leo kuna mashine zinazotenganisha zaidi ya rangi 40 kwenye seli moja, na mtafiti huweza kujua kwa mpigo iwapo seli T ni ya aina ya CD8, kama ina PD-1 na TIM-3 kwa pamoja, na kama bado ina uwezo wa kupigana.

Faida ya kuona mambo hayo kwa pamoja ilionekana mwaka 2006. Kundi la Rafi Ahmed wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, lilionyesha kuwa katika panya wenye maambukizi sugu ya virusi, seli T zilizochoka zilikuwa zimejaa PD-1, na kwamba kuiziba PD-L1 kulizirejeshea nguvu. Mwaka huohuo, utafiti uliohusisha watu wenye virusi vya Ukimwi mjini Durban, Afrika Kusini, uligundua hali inayofanana katika seli T zinazovitambua virusi hivyo.

Mbinu isiyo ngeni kwa Wakenya

Huenda msomaji akadhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. La hasha. Wakenya wengi wamewahi kufaidika na kingamwili zing'aazo pasipo kujua.

Kipimo cha CD4 kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi hufanywa, katika mashine nyingi, kwa kanuni hiihii: damu huchanganywa na kingamwili yenye rangi inayoshika protini ya CD4, kisha seli zinazong'aa huhesabiwa. Kwa miaka mingi, idadi hiyo ndiyo iliyoamua ni nani angeanzishiwa dawa na nani angeambiwa asubiri. Ni mwaka 2016 tu ambapo mwongozo wa Kenya ulibadilishwa ili kila anayepatikana na virusi aanze dawa bila kungoja CD4 zishuke.

Hali kadhalika, kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kupaka kingamwili zing'aazo juu ya kipande cha ubongo wa mnyama anayeshukiwa. Kijani kikionekana chini ya hadubini, aliyeumwa na mnyama huyo hana nafasi ya kubahatisha. Kanuni ni ileile inayotumiwa kwa seli za panya. Hapo, kosa la rangi huweza kuwa kosa la uhai.

Rangi inapodanganya

Waswahili husema kuwa si kila king'aacho ni dhahabu, na katika maabara methali hiyo ni kanuni ya kazi.

Mwanga wa uongo hutokana na mambo mengi. Seli zilizokufa hunata na kunasa kingamwili za kila aina. Kingamwili ikizidishwa kipimo, hushika hata pasipokusudiwa. Baadhi ya seli hung'aa zenyewe bila kupakwa chochote. Aidha, mwanga wa rangi moja humwagikia kwenye eneo la rangi nyingine, kama vile kijani cha FITC kinavyoingia katika eneo la PE. Mashine isiporekebishwa, seli yenye rangi moja itahesabiwa kuwa ina mbili.

Kuna pia giza la uongo. Chukua mfano wa panya aliyetibiwa kwa kingamwili ya RMP1-14 inayoiziba PD-1. Mtafiti akizitoa seli za panya huyo na kuzipaka kloni ileile yenye rangi, hataona kitu, kwani mahali pa kushika pamekwisha kaliwa na dawa. Asiyelijua hilo huandika kuwa tiba imeifuta PD-1, ilhali protini ipo palepale, imefunikwa tu. Dawa yake ni kutumia kloni inayoshika sehemu nyingine ya protini hiyo.

Kosa jingine ni la tafsiri. PD-1 haioti kwenye seli zilizochoka pekee. Hata seli T yenye afya huionyesha kwa muda baada ya kuamshwa. Anayeiona PD-1 na kukimbilia kutangaza kuwa seli imechoka amesoma nusu ya ukurasa.

Ili kujilinda, watafiti makini huandaa vipimo vya kulinganisha. Mrija mmoja huachwa bila rangi yoyote. Kwa kila rangi inayotiliwa shaka, mrija mwingine hupewa rangi zote isipokuwa hiyo, ili ijulikane mpaka kati ya mwanga wa kweli na ule uliomwagika kutoka kwa jirani. Seli zilizokufa huondolewa katika hesabu.

Kipimo kikali kuliko vyote ni panya aliyezaliwa bila jeni ya protini inayotafutwa. Kingamwili inayodaiwa kushika PD-1 ikipakwa kwenye seli za panya asiye na PD-1, isionekane hata chembe ya mwanga wa ziada. Mwanga ukionekana, kingamwili hiyo imejishtaki yenyewe.

Umuhimu wa tahadhari hizo si wa nadharia tu. Mwaka 2015, wanasayansi zaidi ya 100 waliunga mkono makala katika jarida la Nature yaliyotaka kingamwili za utafiti ziwekewe viwango vipya. Makala hayo yalikadiria kuwa dola milioni 800 hupotea kila mwaka duniani kwa kununua kingamwili mbovu, mbali na muda na wanyama wanaopotea kwa majaribio yasiyoweza kurudiwa.

Kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa

Hata rangi ikisema kweli, panya si binadamu. Wakati mwingine huonya mapema. Mwaka 2001, kundi la Honjo liliripoti kuwa panya wa ukoo wa BALB/c wasio na PD-1 hupata ugonjwa wa moyo uliosababishwa na kinga yao wenyewe. Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, madaktari walieleza visa vya wagonjwa wawili wa saratani waliofariki kutokana na uvimbe wa misuli ya moyo baada ya kupewa dawa zinazoziba breki hizi. Onyo lilikuwa limetolewa na mnyama mdogo.

Wakati mwingine wanyama hukaa kimya. Mnamo Machi 2006, vijana sita waliojitolea jijini London walipewa TGN1412, kingamwili ya majaribio iliyokusudiwa kuiamsha CD28, ile protini ambayo ni kichapuzi cha seli T. Majaribio ya awali kwa wanyama, wakiwemo nyani, hayakuwa yameonyesha hatari. Katika muda wa saa chache, wote sita walikuwa mahututi, kinga zao zikiwa zimelipuka. Walinusurika baada ya kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Uchunguzi uliofuata ulibainisha tofauti moja ndogo: kundi fulani la seli T za kumbukumbu, ambalo kwa binadamu hubeba CD28, kwa nyani wa aina iliyojaribiwa halikuwa nayo. Tofauti hiyo iko juu ya seli, mahali hasa ambapo kingamwili yenye rangi huweza kuifichua pindi mtu anapouliza swali mapema.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini kazi hii ya kupaka rangi, inayoonekana kuwa ya kuchosha, haistahili kufanywa kwa pupa. Idadi ya seli zenye PD-1 katika bandama ya panya ni takwimu ndogo kwenye ukurasa. Lakini juu yake hujengwa uamuzi wa kuendelea na dawa au kuiacha, na mwishoni mwa uamuzi huo kuna mtu aliyelala kitandani.

Breki nyingine zingali zikichunguzwa. Dawa ya kwanza inayoiziba LAG-3, relatlimab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 ikitumiwa pamoja na nivolumab, na watafiti wanaendelea kuzipima TIM-3 na TIGIT. Kila moja kati ya hizo ilipitia, na itazidi kupitia, kwenye mirija ya barafu, chumba chenye giza na leza ya saitometa.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mgonjwa anayepata nafuu leo kwa dawa inayoachilia breki za kinga hawezi kumwona panya aliyetangulia, wala hamsta aliyetoa kingamwili, wala fundi wa maabara aliyekataa kuuamini mwanga wa kijani hadi alipoulinganisha na mrija usio na rangi.